Kupamba kitambaa kwa muhogo, kutu, majani na udongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaochora, kuchapa na kutia rangi kitambaa cha pamba kwa vitu vya jikoni, shambani na kwenye vyuma chakavu. Vipimo vyote ni kwa gramu 300 za kitambaa kikavu, yaani karibu meta mbili za marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) ya upana wa meta moja na uzito wa kati. Kama chako kina gramu 600, zidisha kila kitu mara mbili. Pima kwa mizani. Ukipima kwa macho hutaweza kurudia kilichokupendeza.

Maji ya bitiruti yaliniharibia shati na doa halikutoka. Mbona nikitia kitambaa kizima yanafifia?

Kwa sababu doa si rangi. Doa linaloudhi ni lile lililobaki kidogo mahali pasipotakiwa. Rangi inatakiwa ibaki yote, sawasawa, baada ya kufuliwa mara ishirini na kuanikwa juani. Bitiruti, choya na kabichi ya zambarau hazina uwezo huo kwenye pamba. Choya hutoka nyekundu sufuriani, ikikauka inageuka kijivu, na ikikutana na sabuni inaelekea kijani. Shabu haiwezi kuziokoa, wala chumvi, wala siki, hata ungeambiwa vipi.

Manjano ya jikoni yana tabia yake. Hushika pamba bila dawa yoyote na kutoa njano kali, lakini jua huila katika siku chache. Tena ukiifua kwa sabuni ya mche inageuka nyekundu ya tofali, kwa kuwa sabuni ile ni kali na manjano hubadilika rangi ikikutana na magadi. Ukikamulia ndimu inarudi njano. Ni mchezo mzuri wa kuwafundishia watoto, lakini usimuuzie mtu.

Vinavyodumu ni vichache: chuma kilichokutana na tanini, ambayo imeelezwa hapa chini (kijivu hadi nyeusi), udongo wenye kutu ya asili (nyekundu, kahawia, njano ya udongo), na nili (buluu). Chini yao kidogo, na kwa kuandaa kitambaa vizuri, kuna maganda ya vitunguu, kokwa na maganda ya parachichi, majani ya chai, maganda ya komamanga na magome yenye tanini nyingi.

Nitajuaje kama kitambaa ni pamba kweli?

Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano, uzichome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Ikijikunja, ikatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu, humo mna poliesta, na sehemu hiyo haitapokea chochote kati ya vilivyoandikwa hapa. Kitambaa mchanganyiko hutoka na rangi iliyopauka, na watu wengi hulaumu magome.

Kitambaa kipya kinahitaji kuoshwa?

Kinahitaji kuchemshwa. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani pamoja na nta na mafuta ya pamba yenyewe. Weka lita 8 za maji kwenye sufuria ya stenlesi au ya enameli, tia vijiko viwili vya chai vya magadi na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, chemsha kwa moto mdogo saa moja. Maji yatageuka kama chai nyepesi. Suuza, anika, kisha dondoshea tone la maji: likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama tone kwenye jani la yugwa, rudia.

Usitumie sufuria ya alumini kwa hatua hii. Magadi huila, na uchafu wake wa kijivu unaganda kwenye nguo.

Tanini ni nini na naipata wapi?

Ni ile inayokausha ulimi unapokunywa chai kavu iliyokaa sana au unapotafuna kibibo. Pamba pekee haishikani vizuri na shabu wala chuma. Tanini hukaa katikati na kuvishikanisha. Ukiiruka hatua hii, mengi yaliyoandikwa hapa chini hayatafanya kazi.

Magome ya muwati ndiyo bora kwa bei na kwa nguvu. Mti huu umepandwa kwa wingi Njombe kwa ajili hiyo hiyo ya tanini, na nyanda za juu za Kenya pia zina mashamba yake. Ponda gramu 100 za magome makavu, chemsha katika lita 6 za maji kwa saa moja, chuja, kisha loweka kitambaa humo kikiwa bado na joto, usiku kucha. Kamua, usisuuze, anika kivulini. Kitatoka na rangi ya kahawia hafifu inayoelekea pinki. Ukitaka kitambaa kibaki cheupe zaidi, tumia maganda makavu ya komamanga, gramu 90, ambayo hutoa njano isiyokolea.

Majani ya mkungu yanafaa pia, hasa yale mekundu yaliyokwisha kudondoka. Tumia uzito sawa na wa kitambaa. Majani ya mpera vilevile. Chai iliyokwisha kunywewa ina tanini kidogo sana. Tumia majani mapya ya bei nafuu, gramu 100.

Ama magome ya mikoko, ambayo ngozi zimetengenezwa kwayo pwani kwa karne nyingi, yana tanini ya kutosha na rangi nzuri nyekundu. Lakini mikoko inalindwa kisheria Tanzania na Kenya, na mti uliobanduliwa gome hufa. Kama huna kibali, tumia muwati.

Maji ya chuma yanatengenezwaje?

Weka gramu 250 za misumari yenye kutu, vizibo vya soda au vipande vya bati kuukuu katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Mimina nusu lita ya siki na lita moja ya maji. Usikaze kifuniko: siki ikila chuma hutoa hewa, na chupa iliyofungwa huvimba hadi kupasuka. Baada ya wiki moja hadi mbili maji yatakuwa ya chungwa iliyoiva au kahawia. Chuja kwa kitambaa kizito, uandike tarehe.

Nguvu yake hutofautiana kila safari. Kwa hiyo jaribu kwanza: kata kipande cha kitambaa chenye tanini, pigia mistari mitatu, mmoja wa maji ya chuma matupu, wa pili yaliyochanganywa na maji kiasi sawa, wa tatu sehemu moja kwa tatu. Rangi hujitokeza mbele ya macho yako ndani ya sekunde chache. Mara nyingi mstari wa tatu unatosha. Chuma kikizidi, nyuzi hukatika baada ya miezi, na doa jeusi linaacha tundu. Mafundi wa bogolanfini wa Mali hufuata kanuni hii hii: huloweka kitambaa kwenye maji ya majani yenye tanini, huchora kwa matope yenye chuma yaliyovundikwa, kisha huyaosha na nyeusi ikabaki.

Gundi ya muhogo inapikwaje?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Gundi ya muhogo huziba kitambaa pale usipotaka rangi ifike, kama nta ya batiki, ila huhitaji moto wa kuyeyushia wala maji ya kuchemka ya kuitoa. Wayoruba wa Nigeria wanaitumia katika adire eleko: huchora kwa unyoya wa kuku au kupitisha gundi kwenye bati lililotobolewa, kisha wanatia nili.

Chukua gramu 200 za unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, lita moja ya maji na gramu 10 za shabu ya unga. Koroga unga katika robo ya maji yakiwa baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maji yaliyobaki na shabu, mimina ule mchanganyiko huku ukikoroga bila kuacha, punguza moto. Endelea dakika 15 hadi 20. Gundi iliyoiva haina weupe wa unga; inang'aa na kupenyeza mwanga, nzito kuliko uji lakini inadondoka kutoka kwenye mwiko. Ichuje ikiwa moto kwa kipande cha chandarua. Bonge moja dogo linatosha kuziba mdomo wa chupa ya kuchorea.

Tandaza kitambaa chenye tanini, kikavu, juu ya meza yenye nailoni, ukikaze kwa pini. Chora kwa unyoya, kijiti cha mwanzi, au chupa ya plastiki yenye ncha nyembamba. Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Kisha acha ikauke kabisa: siku nzima ya jua Dodoma, siku mbili Unguja wakati wa masika. Gundi iliyokauka ni ngumu kama ukucha na inavuta kitambaa kikunjamane. Hiyo ni kawaida.

Sasa paka maji ya chuma kwa brashi pana. Pitisha brashi mara moja, usisugue. Acha dakika 20 hadi 30 kitambaa kikiwa kimetandazwa, usikikunje. Baada ya hapo kitumbukize kwenye beseni kubwa la maji yenye nusu kijiko cha chai cha magadi kwa kila lita, dakika 5, ili siki iliyobaki ife na chuma kilicholegea kigande. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka huku gundi ikiwa bado juu. Mwishowe loweka kwenye maji baridi nusu saa na ukwangue kwa mwiko wa mbao.

Michoro yangu ilitoka ya kijivu badala ya kubaki na rangi ya tanini. Kwa nini?

Ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Sehemu iliyofunikwa na gundi bado ina tanini, na tanini inangoja chuma. Ukikwangua gundi kabla ya kusuuza, au ukiacha kitambaa kimerundikana ndani ya maji machafu ya chuma, chuma kilicholegea huhamia kwenye mchoro. Badili maji mara tatu au nne katika dakika za mwanzo. Hakuna dawa ya kijivu kilichokwisha ingia. Ndimu inaweza kukipunguza, lakini inakula na nyeusi ya pembeni.

Sababu ya pili ni gundi nyembamba mno au iliyopakwa ikiwa baridi na ya kuteleza, ikakaa juu bila kushika nyuzi. Ipake ikiwa vuguvugu.

Naweza kutumia unga wa ngano?

Ndiyo, ukitaka nyufa. Changanya ngano na maji kiasi sawa, kijiko cha shabu kwa kila kikombe cha unga, bila kupika. Pakaza kitambaa kizima, kiache kikauke, halafu kikunjekunje kwa mikono. Gundi inapasuka na maji ya chuma yanaingia kwenye nyufa, ukipata utando kama wa matope yaliyokauka bwawani. Muhogo haupasuki hivyo. Wenyewe ni wa mistari safi. Dona halifai kwa lolote kati ya haya mawili, chenga zake huacha vitobo.

Je, kitambaa chenye gundi kinaweza kuingia kwenye rangi ya moto, au kwenye rangi za batiki za dukani?

Hapana. Maji ya moto hulainisha wanga, na kostiki inayotumika kwenye rangi za batiki huuyeyusha. Gundi ya muhogo inafaa kupakwa rangi kwa brashi, au kutumbukizwa mara kadhaa kwa muda mfupi kwenye nili baridi, ikiachwa ipate hewa kila baada ya kutumbukizwa.

Shabu inaingia lini?

Shabu ni ya rangi za mimea, kama maganda ya vitunguu. Ukichora kwa chuma peke yake huna haja nayo. Baada ya tanini, yeyusha gramu 45 za shabu katika lita 6 za maji ya moto. Pembeni yeyusha gramu 6 za soda ashi au magadi safi, mimina polepole, itatoa povu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, umezidisha magadi. Loweka kitambaa usiku kucha, suuza kidogo, kisha tia rangi kikiwa kibichi.

Kwa maganda ya vitunguu tumia gramu 200 makavu. Chemsha saa moja, chuja, ingiza kitambaa, weka joto chini ya kuchemka kwa saa nyingine, na ukiache kipoe humo humo. Hutoa njano ya dhahabu hadi chungwa. Ukikichovya mwishoni kwenye maji yenye vijiko viwili tu vya maji ya chuma kwa lita, kinageuka kijani cha zeituni. Kokwa za parachichi hutoa pinki ya vumbi. Zikatekate zikiwa mbichi, na usiharakishe moto, maana zikichemka kwa nguvu pinki inaishia kahawia.

Kuchapa kwa kutu yenyewe: inachukua muda gani?

Saa 12 hadi 24. Loweka kitambaa kwenye siki na maji kiasi sawa, kizungushie nondo, minyororo, nati na boliti zilizoota kutu, funga kwa kamba na ukifunike kwa nailoni kisikauke. Fungua mara mchoro unapokolea. Kisha kiweke nusu saa kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita, na ukioshe kwa sabuni.

Usipite siku moja na nusu. Tena usiutumie mtindo huu kwa shuka wala nguo ya mtoto: kutu inaendelea kukwaruza na kudhoofisha nyuzi polepole, na fundi cherehani atakulalamikia sindano. Mapazia, picha za ukutani na mikoba yenye bitana ndipo mahali pake.

Majani yanachapa kweli, au ni picha za mtandaoni?

Yanachapa, mradi yawe na tanini. Jani lililopondwa kwa nyundo juu ya kitambaa huacha kijani cha kupendeza ambacho baada ya wiki chache kinakuwa kahawia ya nyasi. Njia ya mvuke ni imara zaidi.

Chukua kitambaa kilichopitia tanini na shabu. Chovya majani ya mkaratusi, mpera, mkungu au mgunga kwenye maji ya chuma yaliyozimuliwa sehemu moja kwa kumi, yafute yasidondoke maji. Yapange, nusu yakiwa na mgongo juu na nusu tumbo juu, kwa kuwa upande wa chini mara nyingi huonyesha mishipa vizuri zaidi. Funika kwa nailoni nyembamba, viringisha kwenye bomba au mpini wa jembe, na ufunge kwa kamba kwa nguvu zako zote. Weka juu ya mvuke saa moja na nusu hadi mbili. Acha kipoe kabla ya kufungua.

Mchoro ukitoka na ukungu ukungu, kamba ililegea au majani yalikuwa na maji mengi. Ukitoka hafifu, jani halina tanini, au ni changa mno. Majani ya mchicha, mpapai na mgomba hayajawahi kumfaa mtu kwa kazi hii.

Na udongo?

Udongo mwekundu ni rangi ya madini, jua haliuwezi. Shida ni kuushikisha. Ukaushe, utwange, uchekeche kwa kitambaa cha nailoni mpaka uwe kama poda. Loweka gramu 100 za soya usiku kucha, saga, chuja ili upate karibu lita moja na nusu ya maziwa. Chovya kitambaa kwenye maziwa hayo, kamua sawasawa, anika. Rudia mara mbili zaidi. Kisha changanya sehemu moja ya poda na sehemu tatu za maziwa, upake kwa brashi ngumu ukisukumiza ndani ya nyuzi. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene linalobanduka.

Kiache kitambaa wiki mbili kabla ya kufua. Maziwa ya soya yanachacha ndani ya siku moja kwenye joto la pwani, na yaliyochacha hayashiki.

Ninaweza kuyafanya haya kwenye magome ya mutuba?

Kitambaa cha gome cha Uganda, lubugo, hakipendi kuchemshwa wala kufuliwa, kwa hiyo acha hatua zote za maji. Kina rangi yake tayari, kwa kuwa gome la ndani lililopondwa kwa nyundo za mbao hugeuka kahawia nyekundu likianikwa juani. Udongo na soya kwa brashi iliyo karibu kavu, na kazi ya uzi, ndivyo vinavyokaa. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu, usiupake kutu.

Nitajuaje kama rangi itadumu kabla sijauza?

Kata ukanda wa sentimeta 5 kwa 20. Nusu yake ifunike kwa kadi nene, uweke dirishani penye jua wiki mbili, kisha linganisha. Kipande kingine shonea kwenye pamba nyeupe na ukifue mara tano kwa sabuni unayotarajia mteja atumie. Pamba nyeupe ikichafuka, mwandikie mteja "fua peke yake". Maji pia hubadilisha matokeo: ya kisima chenye chumvi au kutu huzima njano na pinki, basi kinga maji ya mvua kwa rangi nyepesi.

Kuna vitu vya kuepuka kabisa?

Utomvu wa mnyaa unaweza kupofusha, na mvuke wa oleanda au mnanaha si wa kucheza nao. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mrututu (chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu), ambao wengine hutia kwenye gundi ya muhogo, ni sumu kwa samaki. Fanya bila huo, gundi ikiota ukungu pika nyingine. Vaa kitambaa usoni unapokwangua kutu kavu au kuchekecha udongo, na sufuria ya kazi hii isirudi jikoni.

Maji yaliyobaki niyamwage wapi?

Ya magome na maganda, shambani yakishapoa. Ya chuma, zimua kwa ndoo mbili za maji na uyamwage kwenye udongo mbali na kisima. Gundi ya muhogo iliyokwanguliwa ipeleke kwenye mboji. Ikienda kwenye bomba la kuogea itaziba, na kuizibua ni kazi kuliko kuipika.